Marehemu hakusoma chuo kikuu: Safari ya Strathmore kutoka kidato cha sita

MIAKA kadhaa iliyopita nilipewa kazi ya kutafsiri wasifu wa marehemu ami yangu ili usomwe kwa Kiswahili siku ya maziko. Familia ilikuwa imeuandika kwa Kiingereza, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa lugha, nani mwingine angebebeshwa kibarua hicho? Nilikesha nao, na asubuhi nikausoma mwenyewe mbele ya waombolezaji. Nilipofika kwenye elimu yake, nikatamka bila kusita kwamba mwaka 1964 marehemu alijiunga na Chuo Kikuu cha Strathmore.

Baada ya maziko mzee mmoja mwenye mkongojo alinishika mkono, akanivuta kando. "Mwanangu," akaniambia, "umesoma vizuri, lakini pale kwa shule umetupandisha cheo. Mimi na ami yako hatukwenda chuo kikuu mwaka huo. Tulikwenda fomu faivu na siksi. Hicho chuo kikuu kimekuja juzi tu, sisi tukiwa wazee."

Jamani, nilitahayari! Wasifu wa Kiingereza ulikuwa sahihi. Ulitaja koleji. Mimi ndiye niliyeigeuza koleji kuwa chuo kikuu, kwa sababu leo ukilitaja jina la Strathmore, kila mtu huona akilini yale majengo ya Barabara ya Ole Sangale, mtaani Madaraka, jijini Nairobi. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni historia kiasi gani tunayoifukia kwa neno moja lililotafsiriwa ovyo.

Tuanze na neno lenyewe. 'Kidato' halikuzaliwa darasani. Katika Pwani yetu, vidato ni zile alama zinazokatwa kwenye shina la mnazi ili mkwezi apate pa kukanyaga. Ukikosea kidato, unajua mwenyewe utakapoangukia. Waliolihamishia neno hili shuleni waliona mbali, maana kila mwaka wa masomo ni mahali pa kutia mguu kabla ya kufikia nazi. 'Chuo' nalo lina historia yake. Zamani lilimaanisha kitabu, na ndiyo sababu msomi aliyebobea tukamwita mwanachuoni. Baadaye likawa jina la mahali pa kusomea, kuanzia chuo cha Kurani hadi chuo cha ualimu. Ugumu unaingia tunapotaka kuitaja taasisi ambayo si shule ya upili kamili, wala si chuo kikuu, bali ni vile vidato viwili vya juu kabisa, cha tano na cha sita. Taasisi ya namna hiyo ndiyo iliyokuwa Strathmore.

Koleji hiyo ilifungua milango yake Machi 1961, mtaani Lavington. Hebu msomaji ukumbuke hali ya nchi wakati huo. Uchaguzi wa Februari ulikuwa umemalizika na KANU ilikuwa imeshinda, lakini Mzee Jomo Kenyatta alikuwa bado kizuizini. Shule zilikuwa zimegawanywa kwa rangi. Watoto wa Wazungu walikuwa na Prince of Wales, ambayo leo ni Nairobi School, na Duke of York, ambayo leo ni Lenana. Wahindi walikuwa na Duke of Gloucester, ambayo sasa ni Jamhuri. Waafrika wachache waliobahatika walikwenda Alliance, Mang'u, Maseno na kwingineko. Lavington yenyewe ilikuwa miongoni mwa mitaa iliyotengewa Wazungu. Mwafrika aliyeonekana huko aghalabu alikuwa mpishi, yaya au mtunza bustani.

Katika mazingira hayo kikatokea kikundi cha wanachama wa Opus Dei, jumuiya ya Kanisa Katoliki iliyoasisiwa Uhispania mwaka 1928 na Padre Josemaría Escrivá. Mjumbe wa Papa katika eneo hili, Askofu Gastone Mojaisky-Perrelli, alikuwa ameiomba jumuiya hiyo ianzishe taasisi ya elimu ya juu. Escrivá alikubali, ila kwa masharti. Taasisi isibague watu kwa rangi. Iwe wazi kwa wasio Wakatoliki, na hata kwa wasio Wakristo. Isiwe shule ya misheni. Tena, kila mwanafunzi alipe kitu, hata kiwe kidogo, asije akajiona ni mtu wa kufadhiliwa tu.

Sharti la tatu ndilo linalonivutia zaidi. Elimu ya Kikatoliki nchini Kenya ilikuwa imejengwa na misheni. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa wameanzisha misheni ya St Austin's jijini Nairobi tangu 1899, na ndio walioanzisha shule iliyokuja kuitwa Mang'u. Strathmore ikaja na mtindo mwingine. Iliendeshwa na watu wa kawaida, wasio mapadre wala watawa, wakiwa na kazi na taaluma zao. Mwalimu mkuu wake wa kwanza alikuwa Mmarekani, David Sperling. Sisi wa Kiswahili tuna sababu ya kulikumbuka jina hilo, kwa kuwa baadaye alifundisha historia katika Chuo Kikuu cha Nairobi na akaandika tasnifu yake ya uzamifu, iliyokamilika mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha London, kuhusu kuenea kwa Uislamu miongoni mwa Wamijikenda. Mkatoliki aliyeongoza koleji ya vijana wa dini na rangi mbalimbali ndiye aliyekwenda kuitafiti historia ya Waislamu wa Pwani. Hilo si dogo.

Mwaka huohuo wa 1961, wanawake wa jumuiya hiyo walianzisha Koleji ya Kianda, iliyofundisha uhazili kwa wasichana wa rangi zote. Tusisahau kwamba ofisi za Nairobi wakati huo hazikuzoea kumwona msichana Mwafrika akiwa mhazili.

Lakini kwa nini vidato viwili tu? Sababu ni kwamba hapo ndipo njia ilipokuwa nyembamba. Kwa muda mrefu, Mwafrika aliyefaulu mtihani wa Cambridge wa kidato cha nne alikwenda Makerere, akaanza kwa masomo ya matayarisho kabla ya shahada yenyewe. Masomo hayo yalipoanza kuhamishiwa shuleni, nchi ilihitaji madarasa ya kidato cha tano na sita upesi, kwani uhuru ulikuwa unabisha hodi na wizara zilihitaji watu. Koleji ya miaka miwili ya sayansi na sanaa ilikuwa daraja la kuvukia. Lilikuwa pia jaribio. Vijana ambao hadi juzi walisoma katika shule zilizotenganishwa kwa rangi sasa walikaa dawati moja, miaka miwili na ushei kabla ya bendera ya Desemba 1963 kupandishwa.

Hicho ndicho nilichokifuta niliposema 'chuo kikuu'. Kwenda chuo kikuu na vijana wa rangi nyingine mwaka 1964 hakukuwa ajabu, kwani Chuo cha Royal Technical cha Nairobi kilikuwa kikipokea watu wa rangi zote tangu 1956. Jambo la kutajwa ni kwamba ami yangu, mtoto wa mkulima, alivuka Lavington na vitabu mkononi na kuketi kidato cha tano na mtoto wa Mhindi na wa Mzungu. Waombolezaji hawakulisikia hilo kwa sababu yangu mimi.

Sehemu iliyobaki ya historia yake naipitia haraka. Machi 1966 koleji ilipokea wanafunzi wa kwanza wa uhasibu, wakisaidiwa na ufadhili wa nafasi 25 kutoka kampuni kubwa za biashara. Mwaka 1982 yakaanza masomo ya jioni. Mwaka 1986 serikali ikatoa ekari tano huko Madaraka, na mwaka 1993 Strathmore na Kianda zikaungana katika makao hayo mapya. Idhini ya muda ya kuwa chuo kikuu ilitolewa Agosti 2002, na hati kamili mwaka 2008.

Kidato cha sita kilikuwa kimeshazikwa zamani. Mfumo wa 8-4-4 ulianza 1985, na mwaka 1989 Kenya ikashuhudia mitihani miwili kwa mpigo: wa mwisho wa kidato cha sita na wa kwanza wa KCSE. Majirani zetu Tanzania na Uganda wanaendelea na vidato hivyo hadi leo. Sisi tulivikata. Sasa tumeleta sekondari pevu ya miaka mitatu, ambako mwanafunzi huchagua mkondo wake, na nionavyo mimi, wazo la zamani limerudi likiwa na jina jipya.

Kosa langu si la Strathmore pekee. Nimesoma tanzia zinazodai kwamba fulani alisomea Chuo Kikuu cha Egerton miaka ya 1950, ilhali Egerton, iliyoanza 1939 kama shule ya kilimo, ilikuwa chuo kikuu mwaka 1987. Kenyatta nayo, iliyoanzia katika kambi ya jeshi la Waingereza iliyokabidhiwa serikali mwaka 1965, ilikuwa na kitengo cha kidato cha tano na sita kabla ya kuwa chuo kikuu mwaka 1985. Tukidhani tunamheshimu marehemu kwa kumpandisha cheo, tunampokonya safari aliyoitembea.

Basi, msomaji, ukipewa wasifu wa mzee uutafsiri, usiandike jina la leo kabla hujauliza taasisi iliitwaje wakati huo na ilifundisha nini. Waulize waliosoma naye, maana wanazidi kupungua. Mimi nimeusahihisha ule wa ami yangu katika faili la familia. Sasa unasema: 'Mwaka 1964 alijiunga na kidato cha tano katika Koleji ya Strathmore, Lavington.' Nilipompelekea yule mzee nakala, aliisoma mara mbili, akaikunja na kuitia mfukoni.