Kunakili filamu za DVD kwenye kompyuta

Kunakili filamu ya DVD kwenye kompyuta ni kuhamisha picha, sauti na maandishi ya tafsiri kutoka kwenye diski hadi kwenye hadidiski, ili filamu itazamwe bila diski yenyewe. DVD ilianza kuuzwa Japani mwezi Novemba 1996 na Marekani Machi 1997, na haukupita muda mrefu watu wakaanza kuzinakili. Wakati ule walitafuta urahisi wa kutazama. Siku hizi kompyuta mpakato nyingi zinauzwa bila kiendeshi cha diski, na kunakili kumekuwa kazi ya uokoaji. Filamu nyingi za Tanzania za miaka ya 2000 ziliuzwa moja kwa moja kwa VCD na DVD bila kupita kwenye majumba ya sinema. Diski ya mwisho ya filamu kama hiyo ikiharibika bila kunakiliwa, filamu imepotea.

DVD ya tabaka moja inabeba gigabaiti 4.7, na ya matabaka mawili 8.5. Katika mfumo wa PAL, unaotumika Afrika Mashariki, kila picha ina nukta 720 kwa 576, na picha 25 hupita kwa sekunde. Filamu ya saa mbili isiyobanwa kabisa ingehitaji gigabaiti zipatazo 112, kwa hiyo picha hubanwa kwa mtindo wa MPEG-2 kabla ya kuwekwa kwenye diski. Ukifungua DVD kwenye kompyuta utaona folda ya VIDEO_TS. Ndani yake faili za VOB ndizo zenye filamu yenyewe, zikiwa zimekatwa vipande visivyozidi gigabaiti moja. Faili za IFO zinaeleza mpangilio wa sura na menyu, na za BUP ni akiba ya hizo IFO.

Mtu anayeziburuta faili hizo kutoka kwenye diski ya kiwandani hadi kwenye kompyuta mara nyingi hupata matokeo ya kushangaza. Faili zinafika zote, na ukubwa wake ni uleule, lakini zikichezwa picha inatoka vipande vipande vya rangi na sauti inakwaruza. Kinachosababisha hayo ni CSS, kufuli la kidijitali ambalo kampuni za filamu ziliweka kwenye DVD zao. Funguo za diski zimehifadhiwa mahali ambapo unakili wa kawaida haufiki, na kiendeshi hakizitoi mpaka kwanza kitambuane na programu inayoziomba.

Ufunguo wa CSS una biti 40 tu, na hata hizo hazikutumika vizuri. Mwezi Oktoba 1999 ilitoka programu ya DeCSS, ambayo kijana wa Kinorwe, Jon Lech Johansen, aliyekuwa na umri wa miaka 15, alishiriki kuitengeneza. Mwaka huohuo Frank Stevenson, naye Mnorwe, alionyesha kwamba kufuli hilo lingeweza kuvunjwa kwa hesabu peke yake, bila ufunguo wowote kuvuja. Johansen alishtakiwa kwao. Mahakama ya Oslo ilimwachia huru Januari 2003, na mahakama ya rufaa ikafanya vivyo hivyo Desemba mwaka huo, kwa kuwa diski alizozifungua alizinunua kihalali. Marekani mambo yalikwenda kinyume. Kwa kutumia sheria ya mwaka 1998 inayokataza kuvunja kufuli za kidijitali, mahakama ya New York ililizuia jarida la 2600 kusambaza DeCSS, na rufaa ya jarida hilo ikagonga mwamba mwaka 2001. Uingereza iliruhusu nakala za matumizi binafsi Oktoba 2014, kisha Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo Julai 2015. Msomaji aangalie sheria ya nchi anayoishi. Kuwanakilia wateja filamu kwenye flashi kwa malipo, bila idhini ya mwenye kazi, ni jambo jingine kabisa: huko ni kula jasho la waigizaji na watayarishaji, na ndiyo maana kuna taasisi za hakimiliki, COSOTA kwa Tanzania na KECOBO kwa Kenya.

Kikwazo cha pili ni kanda. Dunia iligawanywa katika kanda sita za mauzo. Afrika Mashariki iko kanda ya 5 pamoja na India na Urusi, lakini Omani, Misri, Afrika Kusini na sehemu kubwa ya Ulaya ziko kanda ya 2. Diski halali iliyonunuliwa Muscat ikapelekwa kwa ndugu Zanzibar inaweza kukataliwa na deki iliyofungwa kanda ya 5, wala haina kasoro yoyote. Kiendeshi cha kompyuta kwa kawaida huruhusu kubadilishwa kanda mara tano tu, kisha kinabaki kwenye ile ya mwisho.

Kazi inapoanza, adui mkubwa ni mikwaruzo. DVD hurekebisha makosa kwa mafungu ya baiti 32,768, na fungu likishindikana hupotea lote. Kwenye diski ya tabaka moja data huanza katikati kuelekea ukingoni, hivyo alama za vidole vya watu wanaoishika vibaya huathiri mwisho wa filamu. Kwenye diski ya matabaka mawili, mwanga wa leza kwa kawaida husoma tabaka la kwanza hadi ukingoni, kisha hurudi katikati kupitia la pili. Kwa hiyo ukingo uliochakaa huigandisha filamu katikati ya kisa, palepale mambo yanapokolea. Diski ioshwe kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini, ifutwe kwa kitambaa laini kutoka tundu la kati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha. Ikigoma, ijaribiwe kwenye kiendeshi kingine, maana vinatofautiana sana. Programu ya ddrescue inafaa hapa: huokoa kwanza sehemu nzima, huandika ramani ya zilizoshindikana, kisha huzirudia hizo peke yake.

VCD haina CSS. Filamu imo kwenye folda ya MPEGAV, ndani ya faili za DAT, kwa picha ndogo ya nukta 352 kwa 288. Lakini ulinzi wake dhidi ya makosa ni hafifu kuliko wa CD ya data, na unakili wa kawaida mara nyingi hukatika njiani. Ni bora kutumia programu inayoijua VCD. Filamu ndefu huwa kwenye diski mbili, na zote mbili zinakiliwe siku moja.

Baada ya kunakili, wengi hukimbilia kubana faili kwa programu kama HandBrake, iliyoanzishwa na Eric Petit mwaka 2003. Mtindo wa H.264 unaweza kuipunguza filamu ya gigabaiti saba ikabaki mbili au chini yake, na tofauti isionekane kwa urahisi. Kwa filamu adimu, diski nzima ihifadhiwe kwanza kama faili moja ya ISO, kwa sababu kubana hutupa sehemu ya picha isiyorudishika, na menyu hubaki nyuma. Filamu zilizopigwa kwa kamera za video zina tatizo la ziada: kila picha imefumwa kwa nusu mbili zilizonaswa kwa nyakati tofauti, hivyo mkono unaopungwa huonekana kama meno ya kitana. Programu inaweza kulirekebisha hilo, ila irekebishe nakala iliyobanwa na kuiacha ISO kama ilivyo.

Nakala itazamwe mpaka mwisho kabla diski haijarudishwa kwa mwenyewe. Kisha ihifadhiwe kwenye hadidiski mbili, nyumba mbili tofauti, na moja ya hizo iwashwe mara kwa mara kuhakikisha bado inasoma.