Ile folda tupu kwenye DVD

Leo tuweke kando uandishi wa programu, tuzungumze muziki.

Ukitia DVD ya filamu kwenye tarakilishi na kuangalia yaliyomo, mara nyingi utakuta folda mbili. VIDEO_TS ndiyo iliyobeba filamu. Ya pili ni AUDIO_TS, na ukiifungua haina kitu. Kwa miaka mingi nilidhani ni uzembe wa waliotengeneza diski. Kumbe ni chumba kilichotengewa mgeni ambaye wengi wetu hatukuwahi kumwona: DVD-Audio.

Tuanze nyuma kidogo. CD ya Sony na Philips iliingia sokoni mwaka 1982. Sauti yake hupimwa mara 44,100 kwa sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16. Mwaka 1999 kampuni hizo hizo zikaleta SACD, inayotumia biti moja tu lakini hupima zaidi ya mara milioni 2.8 kwa sekunde. Wapinzani wao wakaandaa DVD-Audio: biti 24, hadi mara 192,000 kwa sekunde kwa spika mbili, au mara 96,000 kwa spika tano pamoja na wufa.

Sasa ungedhani mtu mwenye mashine nzuri ya DVD, amplifaya, spika tano na wufa yuko tayari kwa karamu. Wapi! Kizuizi kikubwa kilikuwa kufuli.

Mwishoni mwa mwaka 1999 programu ya DeCSS ilisambaa kwenye intaneti. Ilitolewa na kijana wa Norway, Jon Lech Johansen, na wenzake wawili wasiojulikana majina, nayo ilivunja kufuli la DVD za filamu. Kufuli lililopangiwa DVD-Audio lilikuwa la ukoo huo huo. Watengenezaji wakashtuka, wakaahirisha mashine zao hadi 2000 ili watafute kufuli jingine.

Woga huo ulifika mpaka kwenye waya. Ule waya mmoja wa kidijitali uliotoa sauti ya filamu kwenye mashine ya DVD na kuipeleka kwenye amplifaya haukuruhusiwa kubeba sauti kamili ya diski hizi mpya. Ilibidi mashine igeuze sauti kuwa ya analogi yenyewe, kisha uunganishe waya sita: mbele kushoto, mbele kulia, katikati, nyuma kushoto, nyuma kulia, na wufa. Kama amplifaya yako haikuwa na matundu hayo sita, pole.

Na hata ukiwa nayo, shida haikuisha. Sauti ya filamu ilipoingia kwa njia ya kidijitali, amplifaya ilijua kuondoa besi kwenye spika ndogo na kuipeleka kwenye wufa. Sauti ya waya sita ilipita moja kwa moja kwenye amplifaya nyingi bila kuguswa. Kwa hiyo mwenye spika ndogo za sebuleni aliweza kulipia muziki bora, akaupata ukiwa na besi hafifu kuliko ya CD.

Watengenezaji waliacha mlango mmoja wa huruma. DVD-Audio nyingi zilibeba pia nakala ya kawaida ndani ya VIDEO_TS, ambayo mashine yoyote ya DVD iliweza kuicheza. SACD nyingi nazo zilikuwa na matabaka mawili, moja likiwa CD ya kawaida kabisa.

Huo mlango ndio ulioniaibisha. Nilipopata SACD yangu ya kwanza, niliitia kwenye mashine ya DVD ya kawaida, nikaketi, nikafumba macho. Nilisikia vyuzi vya gitaa na pumzi ya mwimbaji. Nikawaita jirani waje wasikie tofauti. Miezi kadhaa baadaye nikasoma maandishi madogo kwenye jalada na kitabu cha mashine: nilikuwa nasikiliza tabaka la CD muda wote.

Nilijicheka, halafu nikapata wenzangu. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha jaribio katika jarida la Audio Engineering Society. Walicheza SACD na DVD-Audio, na kwa siri wakawa wanaipitisha sauti kwenye kifaa kinachoishusha hadi kiwango cha CD. Katika majaribio 554, wasikilizaji walipatia 276, yaani sawa na kurusha sarafu. Lakini waandishi hao walikiri kwamba diski hizo kwa jumla zilisikika vizuri kuliko CD nyingi za madukani. Waliona sababu ni uangalifu wa mafundi waliozirekodi na kuziandaa. Kwa hiyo masikio yangu hayakunidanganya kabisa. Nilisifu fundi nikidhani nasifu biti.

Ruhusa ilikuja kwa kuchelewa. HDMI 1.1 ya mwaka 2004 ilikubali DVD-Audio, na HDMI 1.2 ya 2005 ikakubali SACD, hatimaye kwa waya mmoja. Lakini iPod ilikuwa imetoka tangu 2001, na duka la iTunes tangu 2003. Watu walikuwa wameshachagua wepesi. PlayStation 3 za mwanzo, za 2006, zilicheza SACD. Matoleo ya baadaye yakaondolewa uwezo huo. Kichekesho ni kwamba baadaye hizo hizo PS3 za mwanzo ndizo watu walizotumia kunakili SACD kwenye tarakilishi.

Sisi waandishi wa programu tuna la kujifunza hapa. Kufuli lile halikumzuia mwizi, maana hata MP3 ilimtosha. Aliyesumbuka ni yule aliyelipa, akabaki sakafuni nyuma ya kabati akitafuta tundu la waya wa sita. Kila ninapoona folda ile tupu, humkumbuka mteja huyo.