Loda ya mbele kwenye trekta la zamani

Loda ya mbele ni zana yenye mikono miwili ya chuma inayofungwa mbele ya trekta na kuinuliwa kwa haidroliki, yaani kwa nguvu ya mafuta yanayosukumwa na pampu. Kwenye ncha ya mikono hiyo hufungwa kijiko cha kuzolea mchanga, samadi au nafaka, au uma wa kubebea marobota ya majani makavu. Matrekta mengi ya kisasa huundwa yakiwa tayari kupokea loda. Kwa trekta la zamani kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu waundaji wake walitegemea mzigo ukae nyuma.

Muundo wa matrekta ya zamani

Matrekta mengi madogo ya katikati ya karne ya 20 yalifuata mpango wa Harry Ferguson (1884–1960), ambao plau hubebwa nyuma kwa mikono mitatu na kuinuliwa kwa haidroliki. Mifano ni Ferguson TE20, lililotengenezwa Coventry, Uingereza, kati ya 1946 na 1956, na Massey Ferguson 135 lililofuata kuanzia 1964. Matrekta ya ukoo huo yalifika pia Afrika ya Mashariki.

Matrekta haya hayana chasisi kama ya lori. Injini, nyumba ya klachi na giaboksi zimeungwa kwa bolti, na zenyewe ndizo uti wa mgongo wa trekta. Sehemu kubwa yake ni chuma cha kusubu, ambacho huvumilia kugandamizwa lakini hupasuka kikikunjwa au kugongwa. Ekseli ya mbele ni nyembamba, kwani kazi yake kuu ni kuongoza. Breki ziko kwenye magurudumu ya nyuma tu.

Fremu

Kosa la kawaida ni kufunga loda kwenye pande za injini peke yake. Kijiko kinapogonga lundo la udongo, msukumo wote huishia kwenye bolti zinazounganisha injini na nyumba ya klachi. Bolti hulegea, mafuta huanza kuvuja kwenye maungio, na mwishowe chuma hupasuka. Kwa hiyo loda nzuri huwa na fremu yake inayopita chini au kando ya injini hadi kwenye nyumba ya ekseli ya nyuma, ili nguvu ya mbele isikilizwe na sehemu iliyo imara zaidi. Fremu hufungwa kwa bolti kwenye matundu yaliyowekwa na kiwanda. Kuichomelea moja kwa moja kwenye chuma cha kusubu ni kuharibu trekta: joto huleta nyufa pembeni mwa mchomeleo, hata kama unaonekana safi.

Uzito

Mzigo ulio mbele ya ekseli hufanya kazi kama nyenzo. Tuseme trekta lina mita 1.8 kati ya ekseli mbili, na kijiko kina kilo 400 zikiwa mita 1.2 mbele ya ekseli ya mbele. Ekseli hiyo haiongezewi kilo 400 bali takriban 670, na magurudumu ya nyuma yanapunguziwa kilo 270 hivi. Uzito wa loda yenyewe bado haujahesabiwa. Matokeo yake ni usukani mzito, bushi na beringi za mbele zinazokwisha haraka, na breki zisizoshika, kwa kuwa magurudumu yenye breki ndiyo yaliyopungukiwa uzito. Kwenye mteremko hilo ni hatari kubwa.

Dawa yake ni uzito wa kusawazisha unaoning'inizwa kwenye mikono ya nyuma, kwa mfano boksi la zege. Ukikaa nyuma ya ekseli ya nyuma, huongeza mshiko na pia huinulia ekseli ya mbele sehemu ya mzigo wake. Wakulima wengi hutia maji kwenye matairi ya nyuma, na tairi moja huweza kupokea zaidi ya lita 100. Maji husaidia trekta lisiinuke nyuma, lakini hayapunguzi hata kilo moja kwenye ekseli ya mbele.

Haidroliki

Kwenye Ferguson TE20 pampu imo ndani ya giaboksi na huzungushwa kupitia klachi. Dereva akikanyaga klachi, pampu husimama na kijiko hakipandi tena, jambo linalochosha sana kazi ya loda. Matoleo mengi ya MF 135 yana klachi ya hatua mbili: ikikanyagwa nusu, trekta husimama huku pampu ikiendelea. Suluhisho lingine ni kufunga pampu ya pili mbele, inayozungushwa na krenki ya injini na yenye tangi lake. Faida yake nyingine ni kwamba mafuta ya loda hayachanganyiki na ya giaboksi, ambayo katika trekta kuukuu mara nyingi yana maji na chembe za chuma.

Silinda kubwa si lazima ziwe bora. Mbili zenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 na mwendo wa milimita 500 huhitaji karibu lita 2 za mafuta. Pampu ya lita 15 kwa dakika hulijaza hilo kwa sekunde 8. Zikiwa za milimita 75, muda hufika sekunde 18, na loda hupata nguvu ya kuinua mzigo usiostahimiliwa na ekseli. Vali ya kupunguza shinikizo isikazwe kupita kipimo cha kiwanda.

Usalama

Kijiko kikiwa juu, kitovu cha uzito hupanda pia na trekta hupinduka kwa urahisi, hasa likigeuka kwenye ardhi iliyoinama. Sweden ilitaka matrekta mapya yawe na fremu ya kumkinga dereva tangu 1959, Uingereza kuanzia 1970. Matrekta mengi ya kabla ya hapo hayana kinga hiyo, hivyo kuifunga, pamoja na mkanda wa kiti, hutangulia loda. Hatari nyingine ni robota la duara: mikono ikipanda bila kijiko kusawazishwa, robota huviringika nyuma hadi kwa dereva.

Mpira wa haidroliki uliotoboka hurusha mafuta kwa shinikizo linalopenya ngozi. Uvujaji hutafutwa kwa kipande cha kadibodi, si kwa kidole, na aliyepenywa hupelekwa hospitali mara moja hata kama kidonda ni kidogo kama cha sindano. Mtu haingii chini ya mikono iliyoinuliwa isipokuwa imezuiwa kwa nguzo ya chuma, na trekta likiegeshwa kijiko hushushwa hadi chini.