Daftari la Makosa

Oktoba 2022 habari za Taasisi ya Uanasheria kwa Vitendo zilitufikia hata hapa Mbugani. Kati ya wanafunzi 633 waliofanya mtihani, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26 tu. 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 walishindwa kabisa. Serikali iliunda kamati ya watu saba, na mwenyekiti wake akawa Dk. Harrison Mwakyembe, aliyepata kuwa mbunge wetu wa Kyela. Basi kijiweni kila mzee akawa hakimu. Mmoja alisema wakufunzi wana roho mbaya, mwingine akasema vijana wa leo ni wavivu. Mimi nilinyamaza, maana nilikuwa na deni langu la zamani.

Mimi ni mwalimu wa Daraja A, zao la chuo cha ualimu, wala sikupata kukalia dawati la kidato cha tano. Lakini sheria niliitamani tangu ujana. Chuo Kikuu chetu chenyewe kilianzia huko: kilipofunguliwa Dar es Salaam tarehe 25 Oktoba 1961, majuma machache kabla ya Uhuru, kilikuwa na kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi 14, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Nchi ilikuwa inakwenda kujitawala huku mawakili wake Waafrika wakihesabika kwa vidole. Kwa watu wa namna yangu mlango uliobaki ulikuwa mtihani wa kuingia Chuo Kikuu kwa watu wazima, yaani waliofikisha miaka 25 na kuonja kazi. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitutia moyo zaidi, kwa kuwa TANU iliamua kwamba hata vijana wa kidato cha sita watangulie kazini kabla ya kwenda Chuo Kikuu. Tulijiona kwamba zamu yetu imefika.

Nikajiandikisha mwaka 1979. Vita vya Kagera vilikuwa vimekausha maduka, mafuta ya taa yalipatikana kwa kujuana. Rafiki yangu aliyefanya kazi Dar es Salaam aliniletea karatasi za mitihani ya miaka minne iliyopita. Nilizinakili kwa mkono, nikatafuta majibu, nikayaandika chini ya kila swali, kisha nikayasoma usiku hata usiku kando ya chemli. Baada ya miezi mitatu ungenitajia mwaka na namba ya swali, nami ningekutajia jibu bila kupepesa macho. Hata bei ya suti nilikwisha kumwuliza fundi cherehani! Jambo moja tu sikulifanya: sikukaa hata siku moja na karatasi tupu, saa mbele yangu, daftari limefungwa.

Siku ya mtihani swali la kwanza lilinichekea. Katika karatasi zangu lilikuwamo swali la kwa nini dola huhitaji sheria. Safari hii waliuliza ni wakati gani raia anaweza kuwa na haki ya kuikataa sheria. Nilipoona neno raia na neno sheria katika mstari mmoja, mkono ukaanza kwenda wenyewe. Nilijaza kurasa tatu nzuri sana za swali ambalo hakuna aliyeniuliza. Nilipogutuka, muda ulikuwa umekwisha nusu. Barua ilipokuja niliwaambia watu kwamba nafasi zilikuwa chache. Uongo huo niliuvaa miaka 16, wala sikujaribu tena.

Mwaka 1995, nikiwa mwalimu mkuu, alibisha hodi mwalimu mmoja wa kike wa shule yangu. “Shikamoo, Mkuu. Nasikia una karatasi za Chuo Kikuu. Naitaka sheria.” Nilikuwa nazo sita, baada ya kuongeza nyingine mbili. Nusura nimpe zote kwa mkupuo. Nikampa moja, nyingine nikazifungia kabatini.

Alishangaa nilipomtaka aifanye kabla hajasoma chochote. Lakini karatasi ya mtihani uliopita ni kama mbegu ya mpunga, ukiila yote Januari hutapanda. Tena ukishaiona haikupimi sawasawa. Basi Jumamosi, watoto wakiwa mashambani kufukuza ndege, alikaa ofisini kwangu, mlango umefungwa, saa ya mezani inagonga. Alipata alama mbaya, akalia. Nikamwambia, “Mwanangu, alama tuiache. Leta daftari.”

Tulipiga mistari, safu tatu. Ya kwanza: sikujua. Ya pili: nilijua, ila sikulisoma swali. Ya tatu: muda uliniishia. Yeye alikuwa amepanga kusoma vitabu vingi zaidi vya historia. Kumbe makosa yake mengi yalijaa safu ya pili. Aliambiwa jadili, yeye akaeleza. Aliulizwa sababu, akatoa matokeo. Kwa hiyo majuma manane hakugusa karatasi nyingine. Kila jioni alichukua maswali ya kubuni, akayaandika upya kwa maneno yake mwenyewe kabla ya kujibu, na yale ya safu ya kwanza akayasomea. Ndipo nikafungua kabati tena. Karatasi ya mwisho tuliibakiza hadi siku kumi kabla ya mtihani.

Mambo haya niliyafanya kwa kupapasa. Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu jaribio la Roediger na Karpicke wa Marekani, la mwaka 2006. Wanafunzi waliorudia kusoma waliongoza walipoulizwa baada ya dakika tano. Baada ya juma moja, waliojipima bila kitabu ndio waliokumbuka zaidi. Nilicheka peke yangu. Miezi mitatu ya chemli nilikuwa naongoza kwa dakika tano!

Siku moja akaniuliza, “Mkuu, mbona wewe hukwenda?” Nikamweleza yote, pamoja na zile kurasa tatu na uongo wa nafasi chache. Hakucheka. Akauliza tu, “Na daftari lako la makosa liko wapi?”

Alipata nafasi. Mwaka 1996 tulimsindikiza kituoni na mfuko wa mchele wa Kyela kwa ajili ya wenyeji wake Dar es Salaam. Usiku ule nilitoa kabatini karatasi ya 1979, nikatega saa, nikaanza na lile swali la raia. Saa ililia nikiwa katikati ya swali la pili.