Mpango Shirikishi wa Nishati Endelevu na Tabianchi: Istilahi Ikipimwa Kamina

Mpango shirikishi wa nishati endelevu na tabianchi ni hati inayotungwa na mamlaka ya mji pamoja na wakazi, wafanyabiashara, mashirika ya kiraia na mamlaka jirani, ili wakubaliane nishati itatoka wapi, itamfikia nani, na mji utajikinga vipi na mvua, ukame na joto visivyofuata tena majira yake. Hati za namna hii zilienea Ulaya kupitia Agano la Mameya la mwaka 2008, na agano hilo lilipofikishwa Afrika kusini mwa Sahara mwaka 2015, kazi ya kupunguza gesijoto na ile ya kustahimili mabadiliko ya tabianchi ziliongezewa nguzo ya tatu, yaani upatikanaji wa nishati.

Sehemu kubwa ya istilahi hii haina utata, kwani "endelevu" na "tabianchi" yamekwisha kuzoeleka. Neno linalohitaji kuangaliwa ni "shirikishi", ambalo chanzo chake ni kitenzi shirikisha, chenye mnyambuliko wa usababishi, na kwa hiyo hubeba dhana ya ofisi inayoalika na mwananchi anayealikwa. "Mpango wa pamoja" ungeeleza vizuri zaidi kazi ya watu wanaokaa kama washirika, lakini "shirikishi" limekwisha kushika mizizi katika nyaraka za maendeleo, na pengine linasema ukweli zaidi kuhusu namna mikutano mingi inavyoendeshwa.

Kamina, mji wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ulio makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami tangu Katanga ilipogawanywa mwaka 2015, ni mahali pazuri pa kuipima istilahi hii. Mji huo ulikua kama njia panda ya reli, ambapo njia itokayo Lubumbashi hugawanyika, moja ikielekea Ilebo na nyingine Kabalo na Kalemie. Laini kubwa ya umeme ya Inga–Kolwezi, yenye urefu wa kilomita 1,700 hivi na iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1980, hupita katika ukanda huohuo ikipeleka nguvu kwenye migodi ya shaba. Lakini kwa kuwa hubeba mkondo mnyoofu, yaani umeme usiobadili mwelekeo, kijiji kilicho chini ya nyaya hakiwezi kuuchota bila kituo cha kuugeuza ambacho gharama yake ni kubwa mno. Nguzo ya upatikanaji, basi, si pambo katika nchi ambayo takriban mtu mmoja tu kati ya watano hupata umeme.

Kinachopika chakula ni makaa, ambayo Wakatanga huyaita makala, nayo huwaka katika jiko la mbabula baada ya kuchomwa kutokana na miti ya miombo. Miti hiyo haioti ndani ya mipaka ya mji, bali katika ardhi inayosimamiwa kimila na machifu, hivyo meya anayepanga nishati ya Kamina peke yake anapanga kitu asichokitawala. Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 inalitaja jiji, komini, sekta na uchifu kuwa vyombo vilivyogatuliwa vyenye hadhi yao ya kisheria, na sheria ya umeme ya tarehe 17 Juni 2014 iliondoa ukiritimba wa shirika la taifa, SNEL, ikafungua mlango kwa wawekezaji wengine. Kwa hiyo kikao cha meya, machifu, wachomaji makaa, wauzaji na akina mama wapishi kina msingi wa kisheria wa kutosha.

Kigezo cha kuhesabu gesijoto, ambacho katika miji ya Ulaya ndicho kiini cha mpango, kina uzito mdogo zaidi hapa, kwa sababu mji usio na viwanda vingi hauna moshi mwingi wa kupunguza, ila una misitu ya kunusuru na giza la kuondoa. Mpango wa Kamina utakaoandikwa bila sura ya makaa, au utakaowaita wachomaji wake siku ya uzinduzi tu, haustahili kuitwa shirikishi.