Mbegu za Malisho ya Mikunde na Mbio za Kuziwahi

Malisho jamii ya mikunde hayaivi kwa mkupuo. Juu ya mmea ua linachanua, na chini yake ganda la zamani limekwisha kukauka, likapasuka kwa jua na kurusha mbegu. Mahindi humngoja mkulima. Mikunde hii haingoji. Tangu zamani, mvunaji wa mbegu hizi amekuwa akishindana na mmea.

Kwa muda mrefu Shinyanga, nchini Tanzania, haikuihitaji kazi hiyo ya kuvuna mbegu. Wasukuma walikuwa na ngitili, eneo linalofungwa masika ili mifugo ilishwe kiangazi, na humo mbegu zilijiangukia zenyewe. Kisha mambo yakabadilika. Miaka ya 1920 na 1930 vichaka vilifyekwa kwa wingi ili kumwondoa mbung'o, mtafiti C.F.M. Swynnerton akiongoza utafiti wa mdudu huyo. Ikaja pamba, mifugo ikaongezeka, na baada ya 1947 mpango wa serikali ya kikoloni ukawahimiza wafugaji wahamie Geita. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulipoanza mwaka 1986, ngitili zilizokuwa zimebaki zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Baadaye zilifika mamia ya maelfu ya hekta, na mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Lakini kufunga ardhi pekee hakukutosha: watafiti walihimiza pia kupanda lukina, mti wa jamii ya mikunde, kwa ajili ya majani ya mifugo, na anayepanda lazima awe na mbegu.

Kwingineko mashine zilijaribiwa mapema. Nchini Australia kuna klova inayofukia vitumba vyake ardhini. Wakulima waliviringisha juu yake magogo yaliyovikwa ngozi ya kondoo, vitumba vikanasa kwenye manyoya. Baadaye zikaja mashine za kufyonza. Ni ubunifu mzuri, ila unadai shamba tambarare lisilo na visiki. Kwenye udongo wa mbuga wa Usukuma, unaopasuka nyufa kiangazi, mbegu iliyokwisha kuanguka huzama, wala ufagio hauifikii.

Kwa hiyo maendeleo yenye maana kwa mfugaji mdogo yako kabla mbegu haijagusa ardhi. Mikunde inayotambaa husimikiwa miti ili maganda yaonekane na kuchumwa kwa awamu. Inayokatwa kwa mkupuo hukatwa pale maganda mengi yakishageuka kahawia, tena asubuhi na mapema, umande ukiwa bado umeyalainisha. Maganda ya lukina huchumwa kabla hayajafunguka, yakaanikwa juu ya turubai, yakapigwa fimbo na kupepetwa kwa ungo. Turubai lisipokunjwa kingo, mbegu huweza kuruka nje. Mbegu hizo zina ganda gumu, hivyo hutiwa maji ya moto kabla ya kupandwa.

Kipande cha kuvunia mbegu kisilishwe ng'ombe tangu mimea inapoanza kutoa maua. Mfugaji asiyekitenga atapata majani, mbegu atainunua.