Mshauri wa huduma za ajira

Mshauri wa huduma za ajira ni mtumishi wa umma anayemsaidia mtafuta kazi kupata ajira inayomfaa, na mwajiri kupata mfanyakazi anayemhitaji. Nchini Tanzania kazi hiyo inahusishwa na TaESA, iliyoanzishwa kama wakala wa serikali mwaka 2008. Isichanganywe na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, ambayo huendesha usaili wa nafasi za serikalini.

Historia

Katika karne ya 19 Wanyamwezi wengi walifanya kazi ya upagazi kwenye misafara kati ya Tabora na Bagamoyo, wakipatana ujira kabla ya safari. Wakati wa utawala wa Waingereza, wenye mashamba ya mkonge waliunda SILABU mwaka 1944 ili kuandikisha manamba, yaani vibarua wa mkataba, kutoka mikoa ya mbali. Mwandikishaji wa namna hiyo alimtumikia mwajiri.

Mkataba Na. 88 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1948 uliweka msingi tofauti: huduma ya ajira ya umma iwe bila malipo, na watumishi wake waajiriwe kwa sifa zao, wapewe mafunzo na wasiyumbishwe na mabadiliko ya serikali. Tanzania ilitunga Sheria ya Taifa ya Kukuza Huduma za Ajira mwaka 1999.

Ujuzi

Mshauri anahitaji kujua:
- kumhoji mtafuta kazi na kutambua ujuzi wake, hata usio na cheti;
- kufundisha uandishi wa wasifu na barua ya maombi, pamoja na maandalizi ya usaili;
- kufuatilia soko la ajira la eneo lake na kutembelea waajiri;
- sheria za kazi na mafunzo yaliyopo.

Kwa mfano, kijana wa Gongoni, kata ya Tabora mjini, aliyejifunza useremala kwa fundi wa mtaani anaweza kuelekezwa VETA, ambako ujuzi wake hupimwa na kurasimishwa.

Viwango vya kazi

Mshauri hapokei malipo kutoka kwa mtafuta kazi. Mkataba Na. 181 wa ILO wa mwaka 1997 unaweka kanuni kama hiyo hata kwa mawakala binafsi.

Hatakiwi kubagua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza ubaguzi kwa misingi kama jinsia, ujauzito, ulemavu na VVU. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi kutenga asilimia 3 ya nafasi kwa watu wenye ulemavu.

Taarifa za mtafuta kazi ni siri. Zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Mshauri pia hatakiwi kuahidi kazi: anaelekeza, lakini uamuzi wa kuajiri ni wa mwajiri.